Binti wa Nani?

Baba alimkuta binti yake chini ya ulinzi, bado hajatiwa gerezani, akaanza kumsihi. Alitaka neno moja tu: akane kwamba ni Mkristo. Binti hakumjibu moja kwa moja. Alimwonyesha chombo kilichokuwa pale karibu, mtungi mdogo au kitu cha namna hiyo, akamuuliza kama kinaweza kuitwa kwa jina lisilo lake. Mzee akakubali kuwa hakiwezi. Binti akamwambia kuwa naye ni hivyo hivyo, hana la kujiita ila Mkristo. Mzee akapandwa na hasira, akamrukia kama mtu anayetaka kumng'oa macho. Hakumfanya kitu. Alifoka, akaondoka, na binti akaandika kwamba siku chache alizokaa bila kumwona baba yake zilimpa nafuu, akamshukuru Mungu kwa ajili yake.

Kukiri huko kwa mwisho ndiko kulikonifanya nimweke katika kitabu hiki. Mashujaa wa dini, kwa jinsi tulivyozoea kusimuliwa, ama huwalilia wazazi wao ama huwasahau kabisa. Huyu anasema wazi kwamba alipumua mzee wake alipompa kisogo, na kurasa chache mbele anamwonea uchungu hadi msomaji anatamani kufunga kitabu.

Anaitwa Vibia Perpetua. Mwaka ni 203 baada ya Kristo, na mahali ni Karthago, mji wa pwani ulio kando ya Tunis ya leo. Warumi waliuteketeza mwaka 146 kabla ya Kristo, kisha wao wenyewe wakaujenga upya, na kufikia zama za Perpetua ulikuwa miongoni mwa miji mikubwa kabisa ya dola yao: bandari, mabafu, shule za ufasaha, viwanja vya michezo, nafaka ya kulisha Roma. Hata mtawala wa dola wakati huo, Septimius Severus, alikuwa mtu wa huku kwetu Afrika, mzaliwa wa Leptis Magna katika Libya ya leo. Kwa hiyo msomaji asimfikirie Perpetua kama binti wa kijiji cha mbali aliyeonewa na wageni. Alikuwa binti wa mjini, wa familia inayojiheshimu, katika mkoa uliokuwa ukipanda.

Umri wake ulikuwa kama miaka 22. Alizaliwa katika nyumba nzuri, akasomeshwa vizuri, akaolewa kama inavyostahili, na alikuwa na mtoto wa kiume anayenyonya. Baba na mama yake walikuwa hai. Alikuwa na kaka wawili, na mmoja wao alikuwa akijifunza dini hiyo mpya kama yeye. Maelezo hayo tunayapata kwa mhariri asiyetaja jina lake, aliyeweka maandishi ya Perpetua katikati ya kitabu kidogo cha Kilatini: mwanzo dibaji yake, kisha daftari la Perpetua, kisha ndoto ya mwenzake Saturus, na mwisho habari za siku ya kifo. Mhariri anasisitiza kuwa sehemu ya gerezani imeachwa kama Perpetua alivyoiandika kwa mkono wake. Wapo wataalamu wanaotia shaka. Walio wengi wanakubali, na mimi niko nao. Mhariri ana lugha ya mimbari. Perpetua ana sentensi fupi, anarukia jambo, anataja joto na maziwa na ngazi, kisha anaendelea. Si mtu mmoja.

Maandishi ya mwanamke wa dola ya Kirumi akisimulia maisha yake mwenyewe ni adimu mno. Tumerithi barua za wanaume, hotuba zao, mashairi yao ya mapenzi, na makaburi ambayo waume waliwaandikia wake zao sifa za kusokota sufu na kutunza nyumba. Ndiyo maana daftari la kurasa chache, lililoandikwa na msichana aliyekuwa akisubiri kuuawa, limesomwa na kusomwa tena.

Kuna mtu ambaye hamtaji hata mara moja: mume wake. Hayupo gerezani, hayupo mahakamani, hatajwi katika sala. Wapo waliokisia kwamba alikufa, wapo wanaodhani alimkana mkewe, wapo wanaosema mhariri alimfuta. Mimi sioni faida ya kuchagua kisio. Linaloonekana katika maandishi ni kwamba mwanaume wa maisha ya Perpetua ni baba yake, na kisheria hilo halishangazi. Katika ndoa za Kirumi za zama hizo mwanamke kwa kawaida hakuhamia chini ya mamlaka ya mume. Alibaki chini ya baba yake hadi baba afe, hata kama ana watoto wake. Kinachoshangaza ni mtoto. Mtoto wa ndoa halali alikuwa wa upande wa baba, lakini huyu analelewa na bibi na babu wa upande wa mama, na hakuna anayekuja kumdai.

Kosa lenyewe lilikuwa nini? Serikali ya Kirumi wakati huo haikuwa ikiwasaka Wakristo nyumba kwa nyumba. Tangu siku za Kaisari Trajan, karibu miaka 90 kabla, utaratibu ulikuwa kwamba wasitafutwe, lakini wakishtakiwa na wakikubali kuwa ndio, waadhibiwe. Wakikana na kutoa sadaka kwa miungu, waachiwe. Tertullian, mwandishi wa maneno makali aliyeishi Karthago hiyo hiyo, aliucheka utaratibu huo: kama ni wahalifu, mbona hawatafutwi, na kama si wahalifu, mbona wanaadhibiwa? Lakini ulikuwa na akili yake. Mlango wa kutokea ulikuwa wazi muda wote. Mshtakiwa alihitaji kutoa sadaka kidogo kwa ajili ya afya ya watawala, na akarudi nyumbani kwa chakula cha mchana. Hapo ndipo uzito wa kisa hiki ulipo. Kila siku ya gereza lile ilikuwa siku ambayo Perpetua angeweza kutoka.

Waliokamatwa pamoja naye walikuwa Revocatus na Felicitas, wote wawili watumwa, na Saturninus na Secundulus. Mwalimu wao Saturus hakuwapo siku ya kukamatwa. Alijisalimisha mwenyewe baadaye. Wengine walikuwa bado hawajabatizwa, Perpetua akiwa mmojawapo, na wakabatizwa katika siku zile za ulinzi. Anasema kwamba alipokuwa majini Roho alimwelekeza aombe jambo moja tu: uvumilivu wa mwili. Hakuambiwa aombe mbingu wala kuokoka. Mwili.

Kisha wakaingizwa gerezani, na hapo binti wa nyumba nzuri akaogopa. Anakubali kwamba hajawahi kukutana na giza kama lile. Joto lilikuwa kali kwa msongamano, askari walikuwa wakiwabana watu watoe fedha, na juu ya yote alikuwa akikonda kwa wasiwasi wa mtoto. Mashemasi wawili, Tertius na Pomponius, wakawapa walinzi kitu kidogo, wafungwa wakaruhusiwa kukaa saa chache mahali penye hewa. Huko akamnyonyesha mwanawe, aliyekuwa amelegea kwa njaa. Akazungumza na mama yake kuhusu mtoto, akamtia moyo kaka yake, na kila alipowaona wakidhoofika kwa ajili yake, naye akadhoofika. Siku nyingi zikapita hivyo. Mwishowe akapewa ruhusa ya kukaa na mtoto humo humo gerezani. Papo hapo akapata nguvu, na gereza likawa kwake kama ikulu. Anasema hakuona mahali pengine ambapo angependa kuwa.

Sentensi hiyo hupenda kunukuliwa kwenye mahubiri kama ushahidi wa imani. Isome tena mahali ilipo. Haikuja baada ya sala wala maono. Ilikuja baada ya mtoto kurudishwa kifuani.

Ni baada ya hapo ndipo ndoto zinapoanza. Kaka yake alimwendea akamwambia, kwa heshima ambayo kaka hampi dada yake kila siku, kwamba sasa amefika daraja ya kuweza kumwomba Mungu amwonyeshe kama watauawa au wataachiwa. Jibu la Perpetua ni la mtu anayejua anamwendea nani: alimwambia atamletea habari kesho. Nalipenda jibu hilo. Wiki chache nyuma alikuwa mama kijana katika nyumba ya baba yake. Sasa anapanga ahadi na mbingu kama anayejua saa za kupokelewa wageni.

Usiku akaona ngazi ya shaba, ndefu kufika mbinguni, nyembamba kiasi cha kupandwa na mtu mmoja mmoja. Kandokando yake zimefungwa silaha za chuma za kila aina, panga, mikuki, kulabu na visu, hivi kwamba mtu akipanda bila uangalifu nyama zake zitabaki kwenye chuma. Chini amelala joka anayewatisha wapandao. Saturus akatangulia. Perpetua akafika, akakanyaga kichwa cha joka kana kwamba ndicho daraja ya kwanza, akapanda. Juu kulikuwa na bustani kubwa na mzee wa mvi, mrefu, aliyevaa mavazi ya mchungaji, akikamua kondoo. Mzee akainua kichwa, akamkaribisha, akamwita mtoto wake, akampa kipande cha jibini la maziwa aliyokuwa akikamua. Akakipokea kwa mikono iliyokutanishwa, akala, na watu wote waliozunguka wakaitikia amina. Alipoamka alikuwa bado anatafuna kitu kitamu asichokijua.

Siwezi kusoma ndoto hiyo bila kumwona yule mzee mwingine, mwenye mvi za kweli, aliyekuwa njiani kuja gerezani. Baada ya siku chache ulienea uvumi kwamba kesi itasikilizwa, na baba akaja kutoka mjini, amechakaa kwa uchungu. Safari hii hakufoka. Alimwomba azihurumie mvi zake, amhurumie baba yake, kama bado anastahili kuitwa hivyo na yeye. Alimkumbusha kwamba alimlea kwa mikono yake na kumpenda kuliko kaka zake wote. Akamwambia awatazame kaka zake, mama yake, dada wa mama yake, na mwanawe ambaye hataweza kuishi bila yeye. Aache kiburi. Asiwaangamize wote, kwa sababu likimpata la kumpata hakuna hata mmoja wao atakayeweza tena kufungua mdomo mbele za watu. Akambusu mikono, akajitupa miguuni pake, na katika kulia kwake hakumwita tena binti. Alimwita bibi.

Mzazi kumpigia mtoto magoti ni jambo ambalo kwetu watu hulikimbia wasilishuhudie, maana halina mwisho mwema. Warumi nao walijua hivyo. Mtu huyu kisheria alikuwa na mamlaka juu ya binti yake ambayo leo tungeona vigumu kuyaamini, na hakuyatumia. Amri ilikuwa imeshindikana siku ya mtungi. Kilichobaki ni kuomba. Wasimulizi wengi wa kisa hiki humfanya kuwa sauti ya shetani, na kuna mahali Perpetua mwenyewe anaelekea huko, akisema hoja zake za siku ile ya kwanza zilikuwa za ibilisi. Lakini maneno aliyoyaandika yanatuonyesha mtu tunayemjua: mzee mwenye jina mjini, anayempenda mtoto mmoja kuliko wengine, anayeogopa aibu na anayeogopa msiba na hawezi tena kutenganisha hofu hizo mbili. Perpetua anasema alimhuzunikia, kwa kuwa katika ukoo mzima yeye peke yake ndiye asiyeweza kufurahia kuteswa kwake. Alimfariji kwa kusema kwamba jukwaani litatokea analolitaka Mungu, kwani hawako katika uwezo wao wenyewe. Haikuwa faraja kwa baba. Akaondoka na huzuni yake.

Siku ya kesi waliondolewa ghafla wakiwa katikati ya chakula, wakapelekwa barazani, na habari ikaenea mitaani hadi watu wakafurika. Aliyekaa kitini alikuwa Hilarianus, ofisa wa fedha aliyeshika nafasi ya liwali aliyefariki. Wenzake wakaulizwa, wakakiri. Zamu ya Perpetua ilipofika baba akatokea amembeba mtoto, akamvuta binti kutoka kwenye ngazi, akamsihi atoe sadaka amhurumie mwanawe. Hilarianus naye akaingilia, kwa upole kabisa: azihurumie mvi za baba, auhurumie uchanga wa mtoto, atoe sadaka kwa ajili ya afya ya watawala. Akakataa. Akaulizwa kama ni Mkristo, akajibu ndiyo. Mzee hakuacha kumvuta, na Hilarianus akaamuru aondolewe. Akachapwa fimbo mbele ya umati.

Katika watu wote waliokuwa pale, hakuna aliyeifanyia serikali kazi kwa bidii kama mzee yule. Alitaka sadaka itolewe kuliko Hilarianus mwenyewe. Ndiye aliyechapwa. Perpetua anaandika kwamba fimbo ile iliumiza kana kwamba imempiga yeye, na kwamba aliuhurumia uzee wake wenye bahati mbaya. Kisha, katika sentensi inayofuata, hukumu inasomwa, wote watupiwe wanyama, nao wanateremka kurudi gerezani wakiwa na furaha. Adhabu hiyo kwa kawaida ilikuwa ya watumwa na watu wa chini.

Mara moja akamtuma Pomponius kwa baba yake kumchukua mtoto. Baba akakataa kumtoa. Hapo daftari linaeleza jambo ambalo sidhani mhariri yeyote mwanaume wa karne ya tatu angelibuni: mtoto hakulitaka ziwa tena, na matiti yake hayakujaa wala kuvimba, hivi kwamba hakuteswa na wasiwasi wa mtoto wala na maumivu ya kifua. Analitaja kama mapenzi ya Mungu, akapita.

Akapita, ila ndoto hazikupita. Siku chache baadaye, akiwa katika sala, jina likamtoka mdomoni bila kutazamia: Dinocrates. Alikuwa mdogo wake, aliyekufa akiwa na miaka 7 kwa kidonda cha uso kilichowachukiza wote waliomwona. Perpetua alishangaa kwamba hakuwahi kumfikiria hadi saa ile. Usiku akamwona akitoka mahali pa giza, ana joto na kiu, uso umesawijika, kidonda bado kipo. Mbele yake kulikuwa na birika lililojaa maji, lakini ukingo wake ulikuwa juu kuliko kimo cha mtoto, na alijinyoosha bila kufikia. Kati ya dada na mdogo wake kulikuwa na umbali ambao hawakuweza kuuvuka. Akaomba mchana na usiku, kwa machozi. Kisha akamwona tena: msafi, amevaa vizuri, penye kidonda pana kovu, ukingo wa birika umeshuka hadi kitovuni mwake, na bakuli la dhahabu limejaa maji yasiyopungua. Mtoto akanywa, akaenda kucheza kama watoto wachezavyo.

Mama aliyenyang'anywa mtoto anayenyonya anaota mtoto mwenye kiu. Haihitaji mfasiri. Ila tazama alichofanya na ndoto hiyo. Hakuichukua kama huzuni yake binafsi. Aliichukua kama kazi. Alikuwa mfungwa asiyeweza kumpa mwanawe maziwa, akagundua kwamba anaweza kumteremshia mdogo wake maji. Watu hupenda kusema Perpetua aliacha jamaa zake ili ajipate. Naona kinyume. Alibaki binti, dada na mama hadi dakika ya mwisho, akabadilisha tu mahali ambapo kazi hizo zinafanyikia na mtu ambaye anawajibika kwake.

Baba alikuja mara ya mwisho, siku ya michezo ikiwa imekaribia. Safari hii alizing'oa ndevu zake na kuzitupa chini, akalala kifudifudi, akailaani miaka yake. Perpetua anasema tu kwamba alimhuzunikia. Baada ya hapo hatumwoni tena mzee.

Usiku wa kuamkia michezo aliota mara ya mwisho. Pomponius alimshika mkono akampitisha njia mbovu zenye kona hadi katikati ya uwanja. Umati ulikuwa mkubwa, lakini hakukuwa na mnyama. Akatokea Mmisri mwenye sura mbaya, aje kupigana naye. Perpetua akavuliwa nguo, akajikuta amekuwa mwanaume. Vijana wa kumsaidia wakampaka mafuta kama wapambanaji wapakwavyo, huku Mmisri akijigaragaza mavumbini. Akaingia mtu mrefu kupita paa la uwanja, mwenye vazi la zambarau, fimbo ya mwalimu wa wapiganaji na tawi la kijani lenye matufaha ya dhahabu, akatangaza masharti. Wakapigana. Mmisri alitaka kumkamata miguu, naye akampiga uso kwa visigino. Akainuliwa hewani, akamshika adui kichwa, akamwangusha kifudifudi, akamkanyaga kichwani. Akaliendea tawi, na yule mtu mrefu akambusu, akamwita binti, akamtakia amani.

Kuhusu kugeuka mwanaume kumeandikwa mengi: kwamba dunia ile haikuweza kuwaza ushujaa usio wa kiume, kwamba mpambanaji wa mieleka aliyepakwa mafuta alikuwa mwanaume sharti, kwamba ndoto ni ndoto. Yote yanawezekana. Mimi nashikilia kwamba katika mwili huo wa kiume bado aliitwa binti. Mzee wa bustanini alimwita mtoto, mwenye tawi akamwita binti, ilhali baba aliyemzaa alikwisha kulisahau neno hilo akamwita bibi. Swali la mtungi lilikuwa kuhusu jina. Swali lililomfuata gerezani lilikuwa gumu zaidi: ni binti wa nani. Ndoto ikampa jibu, naye akaamka akisema kwamba sasa anajua atapigana na shetani, si na wanyama, na kwamba ushindi ni wake. Kisha akaweka kalamu, akiacha habari za uwanjani ziandikwe na atakayependa.

Lazima niseme neno kuhusu Felicitas, maana daftari halimsemei. Hakusomeshwa, au kama alisoma hakuandika. Hatuna jina la baba yake wala la aliyempa mimba. Alikamatwa mjamzito, na mimba ilipofika miezi minane alipata hofu isiyo ya kawaida: sheria ilikataza kumwua mwanamke mwenye mimba, hivyo angebaki nyuma auawe baadaye peke yake, katikati ya wahalifu asiowajua. Wenzake wakaomba kwa sauti moja, siku 3 kabla ya michezo, na uchungu ukamshika. Alipokuwa akilia, mlinzi akamdhihaki: kama unalia hivi sasa, mbele ya wanyama itakuwaje? Akamjibu kwamba maumivu ya sasa ni yake mwenyewe, lakini kule atakuwamo mwingine ndani yake atakayeumia kwa ajili yake. Akajifungua mtoto wa kike, dada mmoja akamchukua akamlea kama wake. Kwa mtumwa, ambaye mwili wake kisheria haukuwa wake, kutenga maumivu yake na yasiyo yake ni kauli nzito kuliko mfano wa mtungi. Laiti angepewa kalamu.

Tarehe 7 Machi ilikuwa sikukuu ya kuzaliwa kwa Geta, mtoto mdogo wa Severus, na michezo ilikuwa ya heshima yake. Secundulus alikwisha kufa gerezani. Mlangoni walitaka kuwavisha mavazi ya kipagani, wanaume kama makuhani wa Saturn, wanawake kama makuhani wa Ceres. Perpetua akagoma: wamekuja hapa kwa hiari yao ili uhuru wao usivunjwe, na huo ndio mkataba. Ofisa akakubali. Wanawake wakawekewa ng'ombe jike mkali; wakaingizwa uchi ndani ya nyavu, hadi umati wenyewe ukashtuka kuona mmoja ni binti mwororo na mwingine maziwa yanamdondoka, wakarudishwa kuvishwa. Ng'ombe akamrusha Perpetua. Alikaa, akavuta nguo iliyochanika kufunika paja, akaomba kibanio akafunga nywele, maana nywele zilizotimka zilikuwa za matanga, naye hakuwa matangani. Akamwona Felicitas chini, akamshika mkono akamwinua, wakasimama wawili, bibi na mtumwa. Mwishoni wote walikatwa kwa upanga. Aliyepewa kumkata Perpetua alikuwa mwanafunzi wa kazi hiyo. Pigo la kwanza likagonga mfupa, akapiga ukelele, kisha akauongoza mwenyewe ule mkono unaotetemeka hadi kooni.

Watu wa Karthago hawakumsahau. Yeye na wenzake walizikwa pamoja katika mji huo, na mwaka 1907 Alfred-Louis Delattre, padre wa shirika la Mapadre Weupe, aligundua humo jiwe la maandishi lenye majina yao. Afrika Mashariki imejaa akina Perpetua na akina Felista, na Wakatoliki huyasikia majina hayo katika Sala ya Ekaristi ya Kwanza. Katika karne ya nne na ya tano daftari lilisomwa kanisani kila ifikapo sikukuu yao, na Agostino, askofu wa Hippo, aliwahubiria watu siku hiyo zaidi ya mara moja.

Agostino huyo huyo alipata taabu nalo. Karibu mwaka 420 kijana mmoja aitwaye Vincentius Victor alimtaja Dinocrates kama ushahidi kwamba mtoto aliyekufa bila ubatizo anaweza kuokolewa. Askofu akajibu kwamba daftari hilo si Maandiko Matakatifu, na kwamba halisemi kuwa mtoto hakubatizwa. Huenda alibatizwa, akasema, kisha baba yake mpagani akamvuta kwenye sanamu, ndiyo maana alikuwa anateseka. Baba huyo hakuwa na wa kumtetea. Perpetua, aliyekuwa na sababu zote za kumlaumu, alitaja ugonjwa wa uso na kiu ya mtoto, na hakumtwika mzee kosa hilo.